Ufundi wa Nyumbani: Springi ya Gari Jingine Chini ya Land Rover Yetu

Yako magari ambayo wenyewe hawayauzi hata wakipewa bei nzuri. Gari la namna hiyo lilinunuliwa kwa jasho la miaka mingi. Limebeba mahindi kutoka shamba, limekimbiza wagonjwa hospitali usiku wa manane, limesindikiza misiba na kuleta maharusi. Siku springi yake inapokatika, familia nzima hulizunguka kama inayomtazama mgonjwa, na swali linaloulizwa ni lile lile: spea yake mpya ni adimu, na ikipatikana bei yake inakata pumzi, je, hatuwezi kufunga springi ya gari jingine lililokwisha kuvunjwa?

Jibu ni kwamba yawezekana, ila kwa masharti. Mafundi wetu wamekuwa wakioanisha spea za magari mbalimbali kwa miaka mingi, na wengi hufanya kazi hiyo kwa akili na uangalifu. Lakini wapo pia wanaofunga springi asubuhi, wakapakia watu mchana, na jioni gari likawa limelala kando ya barabara, ekseli imekwenda kwake na chesisi imebaki kwake. Tofauti kati ya mafundi hao wawili si bahati. Mmoja anajua kitu gani katika gari kinaweza kurekebishwa na kitu gani hakiguswi. Mwenziwe hajui, au anajua na hajali. Leo tutalizungumza jambo hilo kwa kutumia gari moja kuwa mfano, nalo ni Land Rover ya zamani.

Kwa nini Land Rover

Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, mwezi Aprili mwaka 1948. Ile iitwayo Series III, ambayo wengi wetu tumeizoea, ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Kwa hiyo hata iliyo changa kabuli yake imekwisha kuvuka umri wa ujana. Hata hivyo bado zinatembea. Mwezi Oktoba 2024 mamia ya Land Rover, mpya na kuukuu, zilikusanyika Arusha katika tamasha lake, na miongoni mwake zilikuwamo zenye umri mkubwa kuliko madereva waliozileta.

Gari hili linafaa kuwa mfano wetu kwa sababu umbile lake ni la wazi. Ekseli yake ya mbele na ya nyuma kila moja ni mhimili mmoja mzima, na kila upande umebebwa na springi ya mabapa, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopinda na kupangwa kimoja juu ya kingine, kirefu kikifuatiwa na kifupi. Bapa refu kuliko yote limekunjwa kila mwisho likafanya tundu, ambalo mafundi huliita jicho. Ndani ya jicho mna bushi, yaani mpira uliobanwa kati ya bomba mbili za chuma, na ndani ya bushi hupita bolti inayoshika chesisi. Katikati ya mabapa yote hupita bolti moja inayoyafunga pamoja, na kichwa cha bolti hiyo hukaa katika tundu maalumu kwenye ekseli. Kisha bolti mbili zilizopindwa mfano wa herufi U huibana springi na ekseli ziwe kitu kimoja.

Tafadhali lielewe vizuri jambo hili kabla hatujaendelea. Springi ya namna hii haifanyi kazi ya kupunguza mitikiso peke yake. Ndiyo inayoishika ekseli mahali pake. Gari la springi za mviringo lina mikono mingine ya kuizuia ekseli isiende mbele wala nyuma. Katika Land Rover ya zamani mkono ni springi yenyewe. Ikikatika au ikihama, magurudumu nayo yanahama, na gari halimsikilizi tena dereva. Basi anayebadili springi hapo amegusa mwendo, breki na usukani kwa wakati mmoja.

Tahadhari nyingine ni hii. Muuzaji akikuambia kuwa springi aliyonayo ni ya Land Rover, hajakuambia kitu. Land Rover zilizotoka kuanzia mwaka 1983, zile ndefu zilizoitwa One Ten, na baadaye fupi za mwaka 1984, zina springi za mviringo mbele na nyuma. Hizo hazina pa kukaa katika gari lako.

Funzo la cherehani

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ni kweli, lakini mtazame fundi cherehani anayeletewa suruali ya mtumba iliyompwaya mteja wake. Hakati kitambaa katikati ya goti, wala hachani mfuko. Huufungua mshono, akapunguza hapo, akashona upya. Kitambaa chenyewe hukiacha kama kilivyofumwa kiwandani, kwa maana anajua kuwa nguvu ya nguo imo katika mfumo wake.

Kazi yetu ina kanuni hiyo hiyo. Tofauti kati ya springi ya gari moja na chesisi ya gari jingine imalizikie kwenye mshono, wala isimalizikie kwenye kitambaa. Mshono ni vile vitu vidogo vinavyounganisha: bushi, washa, kikombe cha kichwa cha bolti, sahani ya chini na bolti za U. Hivyo vyote vinaweza kukerezwa au kununuliwa vipya, kwa bei ya kuvumilika, na vikichakaa vinabadilishwa. Kitambaa ni springi yenyewe, ekseli, na mahali pa chesisi panapobeba mzigo. Hivyo havikatwi, havichomelewi wala havitobolewi. Ukiona kuwa springi uliyoipata haiwezi kukaa mpaka moja ya hivyo ikatwe, jua kwamba hiyo si springi yako. Irudishe ulikoitoa.

Vipimo vitano

Watu wengi huenda sokoni na jicho peke yake. Nenda na futikamba, kalipa na daftari, ukiwa umekwisha kupima springi ya zamani nyumbani. Vipimo ni vitano.

Cha kwanza ni urefu kutoka jicho hadi jicho. Lakini usiishie hapo. Pima pia kutoka kila jicho hadi bolti ya katikati, kwa sababu katika springi nyingi bolti hiyo haipo katikati hasa. Sentimita mbili za tofauti zitaisogeza ekseli sentimita mbili, na shafti ya propela itavutwa au itasukumwa kiasi hicho hicho.

Cha pili ni upana. Mabapa ya Land Rover za zamani yana upana wa inchi mbili na nusu, yaani milimita 63.5. Kwenye magari ya Kijapani utakutana na vipimo vingine, kama milimita 60 katika pikapu ndogo au 70 katika magari mazito zaidi. Springi iliyo nyembamba kidogo yaweza kuzungumzika. Iliyo pana kuliko mahali pake haizungumziki, kwa kuwa haitaingia bila kukata chesisi.

Cha tatu ni unene wa kila bapa na idadi ya mabapa. Hapa ndipo wengi huponzwa. Ugumu wa springi hupanda kwa kufuata upana na idadi ya mabapa kwa uwiano wa kawaida. Lakini kwa unene hupanda kwa hesabu ya namba iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu. Chukua bapa la milimita 6 na bapa la milimita 8, yenye urefu na upana sawa. Sita mara sita mara sita ni 216. Nane mara nane mara nane ni 512. Basi milimita mbili tu, ambazo jicho la mtu halizioni katika giza la duka, zimeifanya springi kuwa ngumu zaidi ya mara mbili. Kwa upande mwingine, upana ukipungua kutoka milimita 63.5 hadi 60, ugumu unapungua kwa kiasi kisichofika sita kwa mia. Anayehangaika na upana akasahau unene anahesabu senti huku noti zinadondoka.

Cha nne ni upinde. Weka mti ulionyooka kutoka jicho hadi jicho, kisha upime kina cha upinde katikati. Katika Land Rover za zamani, springi ya upande wa dereva na ya upande wa pili hazikutolewa kiwandani zikiwa na upinde mmoja, kwa hiyo usishangae ukikuta tofauti katika zile ulizofungua. Pima zote mbili, na uandike ipi ilitoka upande gani.

Cha tano ni kipenyo cha jicho, bila bushi. Hiki ndicho utakachompelekea mkerezaji.

Springi ngumu si sifa

Hapa yafaa tuseme neno kuhusu tamaa ya springi ngumu. Mtu hufikiri kuwa akifunga springi ya gari zito, Land Rover yake itabeba zaidi. Haitabeba zaidi, kwa sababu ekseli, breki, matairi na chesisi ni vile vile. Mtikiso ambao springi ingeumeza sasa unakwenda moja kwa moja kwenye chesisi. Na chesisi ya Land Rover ina hila yake. Bodi ya gari hili kwa sehemu kubwa ni ya aluminiamu, kwa kuwa chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Aluminiamu haili kutu kama chuma. Lakini chesisi iliyo chini yake ni ya chuma. Kwa hiyo gari laweza kuonekana zima juu na huku chini limeoza. Kabla hujanunua springi ya aina yoyote, gonga chesisi kwa nyundo ndogo mahali springi zinaposhikwa. Sauti ikiwa ya wazi na kavu, vyema. Ikiwa ya kufifia, au nyundo ikididimia, acha habari ya springi, uanze na chesisi.

Kuikagua springi sokoni

Ukifika Gerezani, Dar es Salaam, au mahali pengine popote panapouzwa spea zilizotumika, omba springi zote mbili za ekseli moja, zilizotoka gari moja. Springi hubadilishwa kwa jozi. Moja nzima na moja iliyochoka zitaliinamisha gari upande mmoja, na ukifunga breki za ghafula gari litavuta.

Zilaze springi mbili zikiwa zimetazamana ulinganishe upinde wake. Angalia ncha za mabapa mafupi zilivyolisugua bapa la juu. Mtaro mwembamba si kitu, bali mtaro unaoshika ukucha ni dalili ya uchovu. Tazama kama pana alama ya kuchomelewa mahali popote. Ikiwapo, weka chini.

Sasa tafuta nyufa. Sugua kwa brashi ya waya sehemu za karibu na jicho na zile za karibu na bolti ya katikati, maana huko ndiko springi nyingi hukatikia. Ipake mafuta ya taa, iache dakika chache yapenye, kisha uifute ikauke kabisa. Pondaponda chaki, unyunyize unga wake juu. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda yakachora mstari wenye unyevu katika weupe wa chaki. Ni njia ya zamani na haina gharama. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukiitumia. Na ukilipa, dai stakabadhi, ili kesho usije ukaulizwa springi hizo ulizipata wapi.

Bushi ndiyo mshono

Tuseme umepata jozi nzima, urefu wake unakubaliana na wa zamani, bolti ya katikati ipo mahali pake, na unene umekaribiana. Kilichobaki ni jicho na upana. Hapo ndipo fundi cherehani anapoingia.

Bushi mpya ikerezwe kwa vipimo vitatu. Nje ifuate jicho la springi uliyonunua. Tundu la ndani lifuate bolti ya Land Rover. Na urefu wa bomba la ndani ufuate nafasi iliyopo katika vishikizo vya chesisi, ili bolti ikikazwa vishikizo vibane bomba, wala visipindane kulifuata jicho. Ikiwa bapa ni la milimita 60 na mahali pake ni 63.5, ziko milimita tatu na nusu za kujazwa: washa ya milimita moja na robo tatu kila upande, ili springi isicheze kulia na kushoto.

Angalia pia tofauti ya inchi na milimita. Land Rover hii imefungwa kwa bolti za inchi, na spea za Kijapani ni za milimita. Bolti ya inchi 9/16 ina unene wa milimita 14.3. Mtu akiweka ya milimita 14 katika tundu hilo itaingia bila ubishi, na itakazika. Lakini ile nafasi ndogo iliyobaki ndiyo itakayogonga kila shimo, ikalipanua tundu mpaka lisifae. Bolti ibaki ya Land Rover, mpya, na yenye ugumu unaostahili. Bushi ndiyo imfuate yeye.

Kisha tazama kichwa cha bolti ya katikati. Kikiwa kidogo kuliko tundu la ekseli, ekseli itateleza hata kama bolti za U zimekazwa. Mkerezaji atakutengenezea kikombe kidogo cha chuma cha kuvalisha kichwa hicho, kikae katika tundu bila kucheza. Ni kipande cha ukubwa wa kifundo cha kidole, nacho ndicho kitakachoamua kama magurudumu ya nyuma yatafuata nyayo za yale ya mbele.

Bolti za U zisirudiwe. Zikishakazwa mara moja hunyooka kidogo, na zikikazwa tena hazishiki kama mwanzo. Nunua mpya, zenye upana unaolingana na springi na ekseli.

Vitu visivyoguswa

Chuma cha springi hakikuzaliwa kigumu. Kiwandani hupashwa moto mpaka kikawa chekundu, kikazamishwa ghafula katika mafuta, kisha kikapashwa tena kwa moto wa wastani, nyuzi 400 hadi 500 hivi za Sentigredi. Kupashwa huko kwa mara ya pili ndiko kunakokipa tabia ya kupinda na kurudi. Fundi anayelichoma bapa kwa gesi ili kuongeza au kupunguza upinde huifuta kazi hiyo yote kwa dakika tatu. Bapa litakubali kupinda, na gari litakaa vizuri uani. Litakapobeba watu, ama litalegea, ama litakatika pembeni mwa pale lilipochomwa.

Kuchomelea kuna balaa hilo hilo. Na kutoboa tundu jipya kwa keekee katika bapa kuu ni kuanzisha ufa kwa mkono wako mwenyewe, kwa kuwa nguvu zote zinazopita katika chuma hujikusanya ukingoni mwa tundu.

Kwa ekseli ya mbele tunasema waziwazi: usikopeshe. Huko springi ndiyo inayoamua pembe ya ekseli, na pembe hiyo ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Pembe ikibadilika, gari huanza kuyumba, na mwendo ukiongezeka usukani hutetemeka mikononi. Mbele funga springi ya Land Rover ya aina ile ile, mpya au iliyotumika ikiwa nzima. Tairodi na mikono ya usukani isitoke kabisa katika gari jingine, wala isinyooshwe kwa moto.

Uani kwetu

Kazi hii yaweza kufanyika nyumbani, mahali palipo tambarare na pagumu. Si juu ya mchanga. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au magogo, mbele na nyuma yake. Legeza kidogo nati za magurudumu gari likiwa chini, kisha linyanyue na uliketishe chesisi juu ya stendi imara za chuma au magogo mapana ya mti mgumu. Matofali hayafai, hupasuka bila kutoa taarifa. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Tungependa maneno hayo yaandikwe ukutani katika kila gereji ya mtaani.

Watoto wapewe kazi ya mbali: kupanga nati katika kopo, kusafisha bolti kwa mafuta ya taa, kuandika vipimo. Asiwepo mtoto karibu na gari lililonyanyuliwa. Na awepo mtu mzima mmoja asiyefanya kazi yoyote ila kumtazama aliye chini.

Kabla ya kufungua springi, ishikilie ekseli kwa jeki nyingine ili isining'inie kwenye mpira wa breki. Ukiisha kufunga springi mpya, ziingize bolti za bushi lakini usizikaze. Literemshe gari likae juu ya magurudumu, lisukume chini mara chache, ndipo ukaze. Sababu yake ni kwamba mpira wa bushi hujipinda tu, hauzunguki. Ukiukaza gari likiwa hewani, utakuwa umesokotwa siku zote gari likiwa chini, na utachanika mapema.

Kisha kagua haya. Ekseli ikining'inia mpaka mwisho wake, mpira wa breki usikazike. Ekseli ikipanda mpaka mwisho, iguse kwanza kizuizi cha mpira kilicho chini ya chesisi, kabla ya shokomzoba kufika mwisho wake. Kama springi mpya imelinyanyua gari, shokomzoba ya zamani yaweza kuwa fupi. Ikivutwa mpaka mwisho katika kila shimo, itang'oka. Mwisho, pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha gurudumu la nyuma, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana, ekseli imekaa mshazari. Fungua tena.

Safari ya kwanza iwe bila abiria na bila mzigo, mwendo wa pole, katika barabara unayoijua. Ukirudi, kaza tena bolti za U. Zikaze tena baada ya kilomita 100, na tena baada ya 500. Mwambie fundi asiyehusika na kazi hiyo aitazame, kwani jicho la mgeni huona lililozoeleka kwa mwenyeji. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 haimruhusu mtu kuliendesha gari lililo katika hali ya kuhatarisha watu, na udogo wa kipato si utetezi. Na kampuni ya bima yako ijulishwe, ili siku ya ajali usije ukasikia habari ya mabadiliko ambayo hukuyaandikisha.

Hesabu ya daftari

Tumalizie kwa jambo linalohusu jiko sawa na gereji. Bei ya springi iliyotumika si bei ya kazi. Andika pembeni mwake bushi za kukereza, bolti, bolti za U, washa, kikombe, nauli za kwenda na kurudi kwa mkerezaji, ujira wa msaidizi, na siku ambazo gari halitafanya kazi. Jumlisha. Mwonyeshe anayeshika daftari la matumizi ya nyumba. Jumla ikikaribia bei ya springi mpya ya gari lako, nunua mpya, maana rahisi imekwisha kuwa ghali. Ikibaki mbali, na vipimo vyote vitano vimekubali, funga kwa moyo mweupe.

Lakini pasipatikane katika daftari hilo mstari wa tatu, ule wa fundi anayesema, "Hii tutaichoma kidogo tu, itakaa." Nyuma ya Land Rover, katika yale mabenchi mawili yanayotazamana, hawaketi watu wa kubahatisha. Huketi bibi anayepelekwa kliniki, na watoto wanaorudi shule, na jirani aliyeomba msaada wa kufika kituoni. Hakuna hata mmoja wao atakayeinama kutazama chini ya gari kabla ya kupanda. Wamemwamini mwenye gari kwamba ametazama.

Jumapili ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya mipira ya breki: namna ya kuikagua bila kuifungua, na dalili za ule unaokaribia kupasuka.